KISU CHA MFUKONI NA CHUMA CHAKE

(Maneno ya mazungumzo yaliyotolewa mbele ya mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu wetu aliponipigia simu kule Ulyankulu aliniomba nije nizungumze juu ya maendeleo. Nilimwomba anipunguzie mzigo, nikamwambia nitazungumza juu ya kisu. Alicheka, lakini aliandika hivyo hivyo, na ndiyo sababu katika ratiba mliyonayo mikononi pameandikwa "Mada: Kisu" na chini yake "Chakula cha mchana". Nitajitahidi nisikicheleweshe chakula.

Jambo lenyewe mnalijua. Chama chetu kimechanga fedha za kupata visu 40 vya kukunja kwa ajili ya kitalu cha shule na kikundi cha nyuki. Halmashauri imegawanyika. Wako wanaosema tununue vile vinavyong'aa vya dukani, kwa kuwa havishiki kutu na bei yake ni nafuu. Wako wanaosema kazi hiyo wapewe wahunzi wa Ulyankulu. Kura itapigwa leo alasiri. Mimi sina duka wala sina kiwanda cha uhunzi. Nilifundisha ufundi kwa miaka mingi, na sasa napandikiza miembe na kutunza mizinga, kwa hiyo kisu hakikai mbali na mkono wangu.

Msisahau vile vile kwamba msimu uliopita kijana mmoja wa Kidato cha Tatu alishonwa nyuzi tano katika kidole gumba akiwa kitaluni. Nilisikia ikisemwa kwamba kisu kilikuwa kikali mno. Niliomba nikione kisu hicho. Kilikuwa butu kiasi kwamba hakikuweza kukata uzi wa kufungia tumbaku bila kuvutwa mara tatu. Kisu butu huulazimisha mkono usukume, na mkono unaosukuma kwa nguvu hausimami pale mwenyewe anapotaka. Kwa hiyo tunapobishana juu ya aina ya chuma, tunabishana pia juu ya vidole vya watoto hawa waliokaa mbele yangu.

Sasa vijana, msiogope, hii ni kemia kidogo tu. Chuma kitupu ni laini. Kikipata kaboni kidogo kinakuwa chuma cha pua, kile ambacho wazee wa pwani walikiita feleji. Kidogo chenyewe ni kidogo kweli kweli. Nondo ya kujengea nyumba kwa kawaida ina sehemu mbili au tatu za kaboni katika 1,000. Springi ya gari ina kama sehemu sita. Chuma cha beringi kina sehemu 10. Tupa nzuri hupita hapo. Tofauti hii inayoonekana si kitu ndiyo inayofanya kisu cha nondo kilale makali kabla hujamaliza kumenya muhogo mmoja, na kisu cha springi kimalize debe.

Lakini kaboni peke yake haitoshi. Hapana budi chuma kipashwe moto mpaka kiwe chekundu, mpaka sumaku isikivute tena, kisha kipozwe ghafla. Hapo kinakuwa kigumu kama kioo, na kama kioo, ukikiangusha sakafuni kinaweza kuvunjika. Ndipo fundi anakirudishia moto mdogo, kiasi cha nyuzi 200 au zaidi kidogo, ili kiwe kikakamavu. Kila mtengeneza visu duniani, awe wa Solingen au wa Ulyankulu, anahangaika kati ya mambo hayo mawili, ugumu na ukakamavu. Kisu kigumu mno humeguka meno. Kisu laini mno makali yake hupinda na kulala upande.

Jambo la tatu ni kutu. Mwaka 1913, huko Sheffield, Uingereza, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki kisicholika upesi. Alitengeneza chuma chenye kromiamu karibu sehemu 13 katika 100, naye akaona kwamba hakikuathiriwa na asidi kama vyuma vingine. Kromiamu hujifanyia utando mwembamba usioonekana kwa macho juu ya chuma, na utando huo ukikwaruzwa hujitengeneza upya. Kutoka hapo tukapata visu vya mezani visivyoshika kutu, na baadaye visu vya mfukoni.

Na jambo la nne, ambalo matangazo ya biashara huliruka, ni kunoleka. Nitalirudia baadaye, maana naona ndilo lenye uzito kuliko yote kwa watu wa mkoa huu.

Nawaombeni ruhusa nipite kidogo kando ya njia. Baadhi ya wasemaji kwenye halmashauri wamezungumza kana kwamba chuma ni kitu kilicholetwa kwetu kwa meli. Katika karne ya 12 Al-Idrisi, mwanajiografia wa Kiarabu, aliandika juu ya chuma cha pwani ya Afrika Mashariki kilichopelekwa India. Mwaka 1978 Peter Schmidt na Donald Avery waliandika jinsi wazee wa Kihaya walivyojenga tena tanuru la mababu zao mbele yao, na kilichotoka mle tanuruni kilikuwa na kaboni, yaani kilikuwa chuma cha pua. Na hapa kwetu, katika njia ile ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji, majembe ya Unyamwezi yalikuwa bidhaa, na yalikuwa mahari. Ulyankulu imo katika nchi iliyotawaliwa na Mtemi Mirambo, aliyefariki mwaka 1884. Yeye alihitaji bunduki za wageni, ni kweli, lakini majembe ya kulimia watu wake hakuyangoja kutoka pwani.

Chuma cha kigeni kilikuja baadaye na kikashinda kwa urahisi wake. Wazee waliomo humu watakikumbuka kisu cha kukunja chenye mpini wa mti uliopambwa kwa nyota na miezi ya madini, chapa Okapi. Kisu hicho kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902, makusudi kwa kuuzwa katika makoloni ya Wajerumani ya Afrika, na sisi tulikuwa koloni hilo mpaka Vita Kuu ya Kwanza. Tangu mwaka 1988 kinatengenezwa Afrika ya Kusini. Nakitaja kwa sababu moja. Bapa lake ni la chuma cha kaboni, kinashika kutu, kinakuwa cheusi ukikata embe, na pamoja na hayo watu wamekipenda kwa zaidi ya miaka 100. Wanakipenda kwa kuwa kinanoleka kwa jiwe lolote lililo mlangoni.

Haya, turudi Ulyankulu. Mnajua kwamba mwaka 1972 makazi yalifunguliwa kule kwa ajili ya wakimbizi kutoka Burundi, na kwamba wengi wao na watoto wao sasa ni Watanzania wenzetu, waliopata vyeti vyao vya uraia mwaka 2014. Leo ukienda gulioni utakuta wahunzi wenye asili ya kule na wenye asili ya huku wakivukuta moto mmoja. Fuawe lao ni kipande cha reli. (Kengele ya shule yetu nayo ni kipande cha reli, kwa hiyo msiwacheke.) Mivuo yao siku hizi mara nyingi ni feni ya kuzungusha kwa rimu ya baiskeli. Chuma chao kikubwa ni springi za magari mabovu, na wakibahatika, gamba la beringi kubwa.

Nilimtazama mmoja wao akifanya kazi siku nzima, nami nawaeleza nilichokiona. Alikata kipande cha springi ya Land Rover, akakinyoosha, akakifua mpaka kikawa chembamba kuliko nilivyotazamia. Alikipasha moto kwa mkaa wa miti ya miombo, akakijaribu kwa sumaku iliyotolewa katika spika ya redio, na sumaku ilipoacha kuvuta akakizamisha katika oili iliyokwisha kupashwa kidogo. Nilimwuliza kwa nini si maji. Akajibu, "Mwalimu, maji yana hasira. Chuma hiki kitapasuka." Kisha akajaribu makali kwa tupa. Tupa iliteleza kama juu ya chupa, dalili kwamba ugumu umeingia. Akakisugua mpaka kikang'aa, akakiweka juu ya bamba la moto, akangoja rangi. Rangi ilipokuwa ya majani makavu akakiondoa. Angengoja mpaka samawati, angekuwa amerudisha springi ya gari badala ya kisu. Mtu huyu hakusoma kemia, lakini kila hatua yake ingepita katika mtihani niliokuwa nikiutunga.

Je, fundi huyu anaweza kututengenezea kisu kisichoshika kutu? Hapana, na tusimwombe. Chuma chenye kromiamu nyingi kinataka moto wa nyuzi 1,000 na zaidi, kikae humo muda uliopimwa, moto usipande wala usishuke. Jiko la mkaa halina kipimo hicho. Anayewaambia kwamba atafua kisu kizuri kutokana na mabaki ya sufuria zinazong'aa anawauzieni kijiko chenye ncha.

Kwa hiyo kwa upande wa fundi wetu chaguo ni chuma cha kaboni. Kati ya springi na beringi, mimi nachagua springi kwa kisu cha mwanafunzi. Beringi ina kaboni zaidi na kromiamu kidogo, inashika makali muda mrefu zaidi, lakini ikikosewa moto hata kidogo humeguka. Springi husamehe. Mwanafunzi atakitumia kisu kung'oa msumari, tunamjua, hata tukimkataza.

Sasa twende dukani. Vile visu vinavyong'aa si vya namna moja. Kilicho rahisi kabisa kimeandikwa kwa Kiingereza tu kwamba hakishiki kutu, basi. Usemi huo haukuambii habari ya makali. Chuma hicho mara nyingi kina sehemu tatu tu za kaboni katika 1,000, yaani kwa kaboni ni ndugu wa nondo aliyevaa suti. Kisu kilichomkata yule kijana kilikuwa cha jamii hiyo. Baadhi ya visu vya Kichina vina alama inayosomeka kwa urahisi. Ukiona 3Cr13, ile 3 ni sehemu za kaboni katika 1,000, na 13 ni kromiamu katika 100. Ukiona 8Cr13MoV, kaboni ni kama sehemu nane, na hicho ni kisu cha kweli. Vile visu vyekundu vya Uswisi vya Victorinox vinatumia chuma chenye kaboni ya nusu sehemu katika 100 hivi, na ugumu wa kadiri ya 56 katika kipimo cha Rockwell. Si kigumu sana, na wenyewe walitaka hivyo, ili mtu aweze kukinoa mwenyewe akiwa porini. Kampuni ya Opinel ya Ufaransa, iliyoanza mwaka 1890, huuza kisu kile kile kwa vyuma viwili, cha kaboni na cha kutoshika kutu, umbo moja na mpini mmoja, mnunuzi achague. Naona huo ni uungwana.

Hapo hapo niwaonye juu ya jaribio la sumaku lifanywalo sokoni. Mwuzaji huweka sumaku, ikishika husema, "Unaona, hiki ni chuma cha kawaida, kitashika kutu." Si kweli. Chuma cha visu kisichoshika kutu huvutwa na sumaku kama kingine. Kile kisichovutwa ni cha sufuria na vijiko, na hicho hakikubali kufanywa kigumu kwa moto. Ukikuta bapa la kisu ambalo sumaku hailishiki kabisa, liache lilipo.

Vijana wengine wenye simu wameniuliza juu ya vyuma vipya vya poda, kama S30V, kilichotolewa na kampuni ya Crucible ya Marekani mwaka 2001, chenye vanadiamu sehemu nne katika 100. Ni chuma cha ajabu. Makali yake hukaa muda mrefu mno. Lakini vanadiamu ile hufanya chembe ngumu kuliko mchanga wa kinoo chetu cha mto, kwa hiyo siku makali yanapoisha, na siku hiyo hufika, kinoo kile kitateleza juu yake bila kukila. Utahitaji kinoo cha almasi. Mwenye kinoo cha almasi na anunue. Shule yenye vinoo vya mto isinunue. Hili ndilo nililoahidi kulirudia. Makali ya mwezi wa kwanza yanatoka kiwandani, lakini ya mwaka wa tatu yanatoka katika kinoo ulicho nacho nyumbani.

Aidha, wapo wanaochukua visu kwa wanoaji wa baiskeli au kwa fundi mwenye grainda. Wanoaji wazuri nawaheshimu. Lakini ukiona cheche nyingi na makali yamegeuka samawati, ujue moto umekula ugumu uliolipia. Mbele ya rangi ile hakuna dawa ila kusaga sehemu hiyo yote iondoke.

Nimezungumza chuma, chuma, na bado umbo. Bapa nene la chuma bora litapasua muhogo badala ya kuukata. Bapa jembamba la chuma cha wastani litapita. Kisu cha kupandikizia kinanolewa upande mmoja tu, upande wa pili ubaki bapa, ili mkato wa kikonyo uwe umenyooka na ngozi mbili za mti zikutane. Mkato ukiwa na mawimbi hewa inaingia, na chipukizi linakauka. Katika kitalu chetu mwaka jana yalikauka mengi. Lawama waliangushiwa mchwa na jua. Mimi niliitazama mikato.

Basi naona hivi. Kwa kazi ya kitalu tutake visu 30 vya springi kutoka kwa wahunzi wa Ulyankulu. Utomvu wa embe utavifanya vyeusi, na weusi ule si kutu. Ni utando wa kijivu unaokilinda kisu kidogo, msiusugue kwa mchanga. Kutu ya kweli ni ile nyekundu inayokuja masika. Dawa yake ni kukausha kisu baada ya kazi na kukipaka nta ya nyuki iliyolainishwa kwa mafuta kidogo, na nta tunayo. Wala kisikae katika ala ya ngozi ghalani, ngozi hunywa maji na kuyatunza.

Kwa kazi ya nyuki na jikoni, tununue visu 10 vya dukani, lakini vile vyenye alama ya chuma, kaboni isipungue nusu sehemu katika 100. Asali ina asidi. Ikikaa juu ya chuma cha kaboni inachukua ladha ya chuma, na asali ya Tabora ina jina, tusiiharibu kwa kubana matumizi.

Upungufu wa mafundi wetu nao nautaja. Udhaifu wa visu vyao hauko katika bapa, uko katika kiungo. Kisu cha kukunja ambacho kiungo chake kinalegea hufunga juu ya vidole, na hapo tutakuwa tumekimbia mvua tukaingia mtoni. Nimemwonyesha fundi kile kisu cha Okapi, naye ametengeneza mfano wenye springi ya mgongoni iliyokatwa kutoka msumeno wa mbao uliokwisha kazi. Nimekifungua na kukifunga mara nyingi wiki hizi mbili na bado kimekaza. Hata hivyo napendekeza mkataba useme wazi kwamba kisu chochote kinacholegea ndani ya miezi sita kinarudi kwake bila malipo. Amekubali.

Nimesikia pia hoja ya nidhamu, kwamba mwanafunzi asiwe na kisu mfukoni. Naikubali. Visu vipewe namba, vikae ghalani kwa mwalimu wa kilimo, vihesabiwe asubuhi na jioni kama majembe. Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967 haikusema tuwape watoto jembe na kuwaficha tupa.

Na katika fedha hizo tutenge za vinoo vinne vyenye pande mbili, upande wa kukwaruza na upande wa kulainisha. Halmashauri haikuviweka katika makisio. Naomba Katibu aviandike sasa, kabla ya kura.

Visu vitatu viko hapa mezani pamoja na kinoo: kimoja cha fundi, kimoja cha dukani chenye alama, na kile cha mwaka jana kilichomkata kijana wetu. Kuna muhogo na vijiti vya mwembe. Atakayependa kujaribu apite upande wa kushoto, mmoja mmoja, wanafunzi wakiwa na mwalimu wao. Kile cha mwaka jana mkishike kwa uangalifu zaidi kuliko viwili vingine.